Fundi, maji yakishatoa umeme yanabaki makapi?

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu turbini, gurudumu linalozungushwa na maji, upepo au moshi, ile ambayo mitaani tunaiita tu "mashine". Nianze na aliyeuliza kwa hasira.

Bwawa la umeme la Mtera ni ziwa kabisa, linatoa megawati 80. Kihansi ni kibwawa, kinatoa 180. Mnatuficha nini? (Dodoma)

Hatufichi kitu, ndugu yangu. Umeme wa maji una mambo mawili: maji kiasi gani yanapita, na yanaporomoka kutoka juu kiasi gani. Kihansi maji ni machache, ila yanashuka ndani ya mwamba wa Udzungwa kama mita 850. Mtera ni kama 100 tu. Kwa hiyo lita moja ya Kihansi inafanya kazi ya lita nane za Mtera.

Turbini zenyewe pia zina aina. Za Kihansi ni Pelton: gurudumu lenye vikombe pembeni, vinavyochapwa na maji yenye kasi kali. Nenda jikoni, fungulia bomba, kinga mgongo wa kijiko. Sasa kigeuze, maji yapige tumboni. Utalowa kifua, lakini mkono utasikia msukumo umezidi. Maji yakilazimishwa kurudi yalikotoka yanasukuma zaidi kuliko yakiteleza pembeni. Kikombe cha Pelton ni kama vijiko viwili vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu.

Na Mtera usiidharau, ndiyo ghala la maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, kilicho chini yake mtoni.

Maji yakishatolewa umeme yanafaa kumwagilia? Mzee mmoja hapa anasema ni makapi. (Kilombero)

Mpe shikamoo yangu, kisha mwambie yanafaa. Turbini inachukua mwendo wa maji tu, haiyachuji chochote. Mto Ruaha Mkuu unazungusha mashine za Mtera, unashuka kuzungusha za Kidatu zenye megawati 204, unapita kwenye miwa huko kwenu, unaingia mto Rufiji. Ya Kihansi nayo yanafika hukohuko kupitia mto Kilombero. Yote yanakutana kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa, megawati 235 kila moja. Makapi gani hayo?

Mapanga ya upepo ya Ngong mbona yanajivuta? (Kajiado)

Macho yanakudanganya. Panga la mita 26 likizunguka mara 20 kwa dakika, ncha yake inakata karibu kilomita 196 kwa saa. Giaboksi ndiyo inayoongeza mizunguko kabla ya jenereta.

Turbo ya gari nayo ni turbini? (Iringa)

Ndiyo, inazungushwa na moshi wa injini, na shafti yake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Inaelea juu ya oili, na ukizima injini ghafla oili inaacha kuifikia ikiwa bado ina moto. Mimi niliwahi kupandisha mlima Kitonga na mzigo, nikafika juu nikazima injini papo hapo kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Baada ya kuizoea tabia hiyo miezi kadhaa, gari likaanza kutoa moshi wa bluu. Siku hizi naiacha ingurume taratibu dakika moja au mbili, ndipo nazima.