Anameza uyoga, usiku halali, na anasema amepona

Barua imetoka Uyole, Mbeya. Dada wa miaka 31 anaandika:

"Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu wa miaka 24 aliugua sonona, hospitali wakamwandikia dawa. Tangu Machi ameziacha. Kila baada ya siku mbili anameza vidonge vya unga wa uyoga anavyotumiwa na rafiki yake wa Dar. Anasema ni vya asili, si kama dawa za maabara. Kweli amechangamka: usiku analala masaa matatu tu na hachoki, anataka kuuza kiwanja alichoachiwa na baba afungue kampuni. Mjomba wetu aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nimwache? Baada ya miaka kumi vitamfanya nini?"

Marahaba, binti yangu, na pole.

Ulichokiandika kama habari njema ndicho kilichonishtua. Anayetoka kwenye sonona kwa kawaida hurudi taratibu: chakula kinapanda, usingizi unakaa sawa, anaanza kuwatafuta marafiki. Asiyelala, hachoki, na ghafla anataka kuuza urithi, huyo huenda ameingia ugonjwa wa upande wa pili, wa kuchangamka kupita kiasi. Anahitaji daktari wiki hii. Miaka kumi iko mbali. Na hati ya kiwanja itunzwe na baba mdogo kwa sasa.

Tuje kwenye asili na maabara. Kinachofanya kazi kwenye uyoga huo ni silosibini. Mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, yuleyule aliyetengeneza LSD, dawa ya maabara inayoleta maruweruwe, mwaka 1938, aliitenga kutoka kwenye uyoga mwaka 1958, baadaye ikatengenezwa maabara. Ikishaingia mwilini, ya porini na ya maabara ni kitu kimoja. Ila kwenye utafiti kipimo kinajulikana kwa miligramu, wakati uyoga hutofautiana nguvu mmoja hadi mwingine, na ukishasagwa hujui hata ni uyoga gani. Sisi wa nyanda za juu hatuhitaji kufundishwa hili. Mvua zikinyesha, uyoga unauzwa kando ya barabara kule Mafinga, na mama zetu huukagua mmojammoja kabla ya kutoa hela. Wenye sumu kali huanza kuumiza baada ya masaa sita au zaidi, ini likiwa tayari linashambuliwa. Wala sisemi vya kutengenezwa ni afadhali: karatasi zinazouzwa mitaani kama LSD zimekutwa na NBOMe, dawa nyingine ya maabara iliyo hatari zaidi, na zimeua watu.

Atakuambia Wamazateki wa Mexico wameutumia vizazi na vizazi. Ni kweli, lakini kwenye ibada ya usiku inayoongozwa na mganga, si vidonge vya kila baada ya siku mbili.

Na usimdanganye kwamba hausaidii mtu yeyote, atajua. Jaribio la silosibini lililochapishwa mwaka 2022 lilihusu wagonjwa 233 wa sonona sugu. Walipewa dozi moja, wakafuatiliwa wiki 12, na baadhi walipata nafuu ya kweli. Lakini hizo ni wiki 12, tena dozi moja mbele ya wataalamu. Kwa anayemeza mfululizo, wanasayansi wana wasiwasi hata na moyo: fenfluramini, dawa ya kupunguza unene, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, na silosibini inagusa mlango huohuo mwilini. Hakuna utafiti uliowafuata wamezaji wa mara kwa mara kwa miaka ya kutosha kuwatoa hofu. Anayemwambia mdogo wako kwamba havina madhara anasema asichokijua.

Kuhusu mjomba, sina mashaka hata kidogo kwamba habari zake zina uzito hapa. Majaribio haya huwakataa watu wenye historia ya skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola (ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi), yao wenyewe au ya ndugu wa karibu, kwa kuhofia kuamsha ugonjwa uliolala. Muulize mama mjomba aliugua nini hasa, na alikuwa na umri gani. Najua kwenye koo zetu hayo husemwa kwa kunong'ona, na wengine watasema alirogwa. Muulize tu.

Silosibini imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa za aina hii, na sisi tuna sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015. Kifurushi kikikamatwa stendi, matatizo yatakuwa mawili.

Sasa kaa naye, ninyi wawili tu, bila wazee wa kanisa. Mwambie hukasiriki kwamba alitafuta nafuu, umeogopa kwa sababu usiku halali. Muombe asimeze vingine hadi muonane na daktari, na dawa za zamani asizirudie kwa kukisia. Jumatatu nendeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda, afya ya akili, mkaseme yote: uyoga, dawa alizoacha, mjomba. Akianza kusikia sauti, akidai watu wanamfuatilia, au akitaja kufa, usisubiri Jumatatu. Mpeleke usiku huohuo, na usiende peke yako.