Onyesheni filamu ikiwa bado mbichi

Wadogo zangu mnaoanza mwaka huu, filamu yenu ya mwisho wa mwaka waonyesheni watu mapema, rangi hazijasawazishwa, muziki haujawekwa. Mkingoja iive ndipo muulize, hamtakuwa tena na moyo wa kubadilisha kitu.

Yetu ilikuwa ya dakika 17, juu ya kijana anayeleta makala, yaani makaa ya kupikia, sokoni Goma kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Tulikuwa wanne. Tuliihariri wiki sita, mara nyingi usiku wa manane kwa sababu ndipo umeme ulipokuwa unarudi, na tulikuwa tumeizoea kiasi cha kuyasema maneno ya waigizaji kabla yao. Aliyeandika hadithi hawezi tena kujua ni kipi kimeonekana kwenye picha na ni kipi kimebaki kichwani mwake.

Tulitundika shuka jeupe uani kwa mama mmoja huko Ndosho, mtaa wa Goma, tukaazima projekta na spika, tukaalika majirani kumi hivi. Nilikaa pembeni nikiwatazama wao, si shuka. Fanyeni hivyo. Katika nakala ya majaribio wekeni saa ya filamu kwenye kona ya picha, kisha andikeni: dakika ya 4, watoto wamecheka, dakika ya 6, watu watatu wametoa simu, dakika ya 9, mama amemnong'oneza mwenzake. Mwili hauna adabu ya ugenini. Mdomo unayo: kwetu mtu aliyekaribishwa, akapewa kiti na soda, hatakuambia usoni kwamba kazi yako imemchosha. Atasema hongera, muendelee hivyo.

Ndiyo maana kuuliza "mmeipenda?" hakusaidii kitu. Siku hizi namwomba mtu anisimulie filamu kama anavyomsimulia ndugu ambaye hakuwepo. Usiku ule mama mwenye ua alisimulia vizuri hadi alipofika kwa mwanamke wa mlangoni, akasema, "Kisha bibi yake anamupatia franga." Bibi, yaani mke. Sisi tulimwandika kuwa dada yake! Wote wanne tulitaka kumkatiza tumweleze. Jizuieni. Ukishamweleza mtu filamu yako, hutajua tena yeye aliona nini.

Majirani walitupa dawa nyingi: wekeni sauti ya msimulizi, dada aseme jina lake, andikeni kwenye picha. Tuliwashukuru, wala hatukufuata hata moja. Hata hivyo walikuwa wamegusa kidonda chenyewe. Chanzo kilikuwa mbali na mlango ule, dakika ya 2, tulipokata picha ya wale wawili wakila ugali kwenye sahani moja na mama yao ili tupunguze urefu. Tuliirudisha, sekunde 8 tu. Waliofuata kuiona, hakuna aliyesema tena habari ya bibi.

Dakika ya 6 ilitusumbua zaidi. Watu walisema inachosha, nasi tukakata na kukata, na kundi la pili nalo likatoa simu palepale. Kijana mmoja fundi wa simu ndiye aliyetufungua macho: alisema hasikii wanachoongea, basi akaacha kufuata. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na tulikuwa tumerekodi kwa maikrofoni ya kamera yenyewe. Sisi tulisikia kila neno kwa sababu tulikuwa na vifaa vya masikioni na tulijua maneno kwa moyo. Tangu hapo, mtu akiniambia filamu inachosha, naanza na sauti. Sikilizeni kazi yenu kwenye spika ya simu, ambayo sauti nzito haizitoi vizuri, maana wengi wataitazamia huko. Tulipunguza mvua, tukarekodi upya sentensi mbili ndani ya chumba tulichotundika mablanketi.

Msialike watu wote siku moja. Macho mapya hutumika mara moja tu. Aliyeshaiona atajaza mapengo kwa kumbukumbu yake. Watano kwa toleo la kwanza, watano wengine kwa la pili. Mmoja akilalamika, andikeni msubiri. Watatu wakikwama dakika ileile, rekebisheni. Mwalimu msimamizi ni mtazamaji pia, ila yeye ameshasoma muswada, kwa hiyo msimuulize kama hadithi inaeleweka. Mwulizeni mambo ya ufundi.

Na kila toleo litunzwe kwa namba na tarehe, kwenye diski mbili. Mwaka 1942 studio ya RKO huko Marekani iliwaonyesha watu wa mji wa Pomona filamu ya mwongozaji Orson Welles, baadhi wakacheka pasipostahili. Studio ikaogopa, ikakata zaidi ya dakika 40 na kupiga mwisho mwingine, Welles mwenyewe akiwa Brazil. Vilivyokatwa viliharibiwa, na hadi leo havijapatikana. Nikifikiria hilo bado naumia. Sikilizeni watu, lakini msifute kitu.

Kuna maoni ya aina nyingine ambayo hayajadiliwi. Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tuliyempiga picha sokoni alikuja kutazama, akaomba uso wake utoke. Alikuwa amekubali siku ya kupiga picha, na ilikuwa picha yetu nzuri kuliko zote. Mmoja wetu alitaka kumbembeleza. Tuliitoa usiku uleule, na naomba nanyi mfanye hivyo bila kuuliza sababu: sisi tunamaliza masomo na kuondoka, yeye anabaki na meza yake palepale, mbele ya kila anayepita.

Kundi la tatu alikuwemo mzee aliyesukuma chukudu miaka mingi. Alinyamaza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba yule kijana anashuka kama mtu asiye na mzigo. Akainuka, akapiga goti hewani, akatuonyesha mwili unavyoinama na mguu unavyosaidia kuzuia mwendo. Tulikuwa na siku nne kabla ya kukabidhi kazi. Jumapili alfajiri, barabara ikiwa bado tupu, tulimfuata na kamera, na goti linaloonekana sasa katika mteremko ule, dakika ya 7, ni lake.