Jibu kwa mwalimu wa Newala: Kupro ilikwama wapi, na nini bado kinafanya kazi

Mwalimu, umesema vijana wako wa kidato cha sita watafanya mdahalo kama jamii mbili zilizomwagiana damu zinaweza kukaa chini ya serikali moja ya shirikisho, na mfano mliochagua ni Kupro (Cyprus), kisiwa cha Wagiriki na Waturuki. Wachangiaji wawili wamekujibu kwamba haiwezekani, kwa sababu huku ni Wakristo na kule ni Waislamu. Nakuomba usiwapelekee vijana jibu hilo. Dini hizo zilikaa pamoja kisiwani kwa karne nyingi. Kilichoivunja Kupro ya 1960 utakiona ukihesabu kura.

Uhuru kutoka kwa Mwingereza ulipatikana Agosti 1960. Wagiriki wa Kupro walikuwa karibu asilimia 78 ya watu, Waturuki wa Kupro karibu 18. Katiba iliagiza hivi: rais awe Mgiriki, achaguliwe na Wagiriki peke yao. Makamu awe Mturuki, achaguliwe na Waturuki peke yao. Mawaziri 7 kwa 3, wabunge 35 kwa 15, ajira za serikali 70 kwa 30, jeshi 60 kwa 40. Rais na makamu wake kila mmoja alikuwa na kura ya turufu katika mambo ya nje, ulinzi na usalama. Juu ya hayo, sheria ya kodi ilitaka ipate wingi wa kura kwa wabunge wa kila upande, wakihesabiwa mbalimbali. Maana yake wabunge 8 wa Kituruki walitosha kuangusha kodi ya nchi nzima.

Na waliiangusha. Mwaka 1961 muda wa sheria za kodi zilizorithiwa kutoka ukoloni ulipoisha, upande wa Kituruki ulikataa kuziongeza muda. Walitaka kwanza zile asilimia 30 za ajira zitimizwe, na manispaa zao katika miji mitano zianzishwe kama katiba ilivyoahidi. Upande wa Kigiriki nao uliona asilimia 30 kwa jamii ya asilimia 18 ni dhuluma. Kila mmoja alikuwa na kifungu chake mkononi, na wa kuamua hakuwa na nguvu: Mahakama ya Katiba ilikuwa na majaji watatu, Mgiriki, Mturuki, na Mjerumani Ernst Forsthoff kama rais wake, ambaye alijiuzulu 1963. Novemba mwaka huo Rais Makarios alileta mapendekezo 13 ya kubadili katiba. Desemba risasi zikalia Nicosia, mji mkuu, na jenerali wa Kiingereza akachora mstari wa kutenganisha mitaa kwa penseli ya kijani. Ndiyo maana mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Mwaka 1974 ulikuja msiba mkubwa zaidi: mapinduzi ya Julai 15 yaliyosukumwa na watawala wa kijeshi wa Ugiriki, kisha Julai 20 jeshi la Uturuki likatua. Wagiriki zaidi ya 160,000 walihamia kusini, Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini.

Kwa hiyo turufu yenyewe si kosa. Jamii ndogo bila breki haitaingia kwenye shirikisho, na ina haki kukataa. Kosa ni breki isiyoachia. Linganisha na Ubelgiji: robo tatu ya wabunge wa kundi moja la lugha wakisema muswada utaharibu uhusiano wa jamii, muswada unasimama, na baraza la mawaziri, ambalo waziri mkuu akiwekwa kando lina idadi sawa ya pande zote mbili, lina siku 30 kuleta njia. Breki ipo, na muda wake umeandikwa. Mpango wa 2004 wa Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ulijaribu kitu cha namna hiyo kwa Kupro. Mahakama Kuu ingekuwa na majaji 9, watatu wa kila upande na watatu wageni, nayo ingevunja mkwamo.

Mpango huo ulipigiwa kura Aprili 24, 2004. Kaskazini karibu asilimia 65 walisema ndiyo, kusini karibu 76 wakasema hapana. Wagiriki waliogopa askari wa Uturuki waliobaki na haki ya mataifa ya nje kuingilia kati, na nyumba zao zisingerudi zote. Lakini liangalieni na hili: Kupro ilikuwa imeshahakikishiwa kuingia Umoja wa Ulaya Mei 1, siku saba baadaye, hata kura ikienda kombo. Zawadi ilitolewa kabla ya sahihi. Aliyepanga ratiba ile, kwa maoni yangu, aliumaliza mpango mwenyewe.

Sasa ardhi, ambayo ndiyo kitovu cha yote. Mgiriki ana hati ya shamba la michungwa kaskazini. Ndani ya shamba hilo, tangu 1974, inaishi familia ya Kituruki iliyokimbia kutoka kusini na kuacha nyumba yake huko. Wamezaa, wamezika, wamechimba kisima. Huku kwetu wazee walioacha mikorosho kwenye mahame wakati wa vijiji vya ujamaa hawahitaji kufafanuliwa: mkorosho uliopandwa na mmoja na kupaliliwa na mwingine miaka hamsini, ni wa nani? Mpango wa Annan ulisema, kwa ujumla, mwenye hati arudishiwe theluthi, na sehemu iliyobaki alipwe kwa hati za dhamana. Tangu 2006 iko Tume ya Mali Isiyohamishika kaskazini yenye njia tatu: kurudisha, kubadilishana na mali iliyoachwa kusini, au kulipa fidia. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubali 2010 kama njia halali ya kudai. Njia inayochaguliwa zaidi ni fidia, na fedha ndizo zinazochelewa. Vijana wakisema tu "kila mtu arudishiwe chake", waulize yule aliye ndani ataenda wapi usiku huo.

Na yapo yanayofanya kazi bila shirikisho. Nicosia imekatwa katikati, lakini majitaka hufuata mteremko. Mtambo wa kuyasafisha ulijikuta upande wa kaskazini, na nyumba nyingi zinazoutegemea ziko kusini. Mwaka 1978 wakuu wa mji wa pande mbili, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, walikubaliana kuumaliza mfumo huo wa majitaka pamoja. Hawakusubiri kwanza nani anamtambua nani. Newala mnaijua habari hii kwa upande wa maji safi: pampu za Mitema zikisimama, Newala inakauka na Tandahimba inakauka. Mfumo wa namna hiyo haumwachi mtu amkomoe jirani bila kujikomoa.

La pili ni Kamati ya Watu Waliopotea. Orodha yake ina watu 2,002: Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Wanasayansi wa pande zote mbili hufukua pamoja, na maabara yao iko kwenye uwanja wa ndege wa zamani ulio ndani ya eneo la Umoja wa Mataifa. Mifupa hupangwa mezani, huchukuliwa vinasaba, kisha familia huitwa. Zaidi ya watu 1,000 wamerudishwa kwa ndugu zao wakazikwa. Kamati haisemi nani aliua. Wengine wanaona huko ni kuficha haki. Mimi naona bila sharti hilo wanaojua makaburi wasingefungua kinywa. Jambo hili lijadiliwe kwa heshima, maana hata darasani kwako anaweza kuwepo aliyefiwa bila kuona kaburi.

Kuhusu mdahalo wenyewe, usianze na hotuba. Chukua vijana 50. Gawa kadi za rangi mbili, 35 kwa 15, kwa bahati nasibu, wasijichague. Weka hoja moja: ushuru wa kila kilo ya korosho ili kulipia bomba la maji, lakini bomba lianze upande wa wale 35. Kanuni: hoja ipite kwa wingi wa kila rangi. Wale 15 wakishajua kwamba 8 wanatosha, utaona hoja inavyokufa ndani ya dakika kumi. Raundi ya pili, kanuni ile ile, ila hoja ikikwama kamati ya watatu kwa watatu ina dakika kumi na tano kuleta sura mpya, na ikishindwa mwamuzi mmoja wa nje, mwalimu wa shule nyingine, anaamua. Raundi ya tatu, msemaji wa kila rangi achaguliwe na kadi zote, na kura za rangi nyingine zihesabiwe kwa uzito wa moja ya tano. Uzito wa namna hiyo ulijadiliwa kwenye mazungumzo ya viwili vya pande mbili, Christofias wa Wagiriki na Talat wa Waturuki, yaliyoanza 2008. Sikilizeni jinsi wagombea wanavyobadili maneno wakijua wana kura za kuomba ng'ambo ya pili.

Andikeni ubaoni muda wa kila raundi na hoja ilikwamia kifungu gani, kisha ndipo waanze kubishana. Na kadi zisiwe za rangi za vyama vyetu.