Barua pepe ya fundi haikai kwenye kompyuta ya mteja

Kila msimu wa fildi, vijana wa UDOM na vyuo vingine wakishasambaa maofisini na kwenye meza za mafundi hapa Dodoma, kosa lilelile linarudi. Na tangu Windows 10 iachwe kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za kupigwa Windows upya ni nyingi, na kosa limezidi. Flashi mnaandaa vizuri, diski mnagawa, draiva mnazipata. Mkifika kwenye akaunti mnakimbia, kana kwamba ni fomu ya kujaza ili skrini ifunguke. Wadogo zetu, hapo ndipo tunapogombana.

1. Usiweke barua pepe yako kwenye kompyuta ya mtu.

Mnajua inavyokuwa. Windows 11 imefika kwenye ukurasa unaodai akaunti ya Microsoft, mteja ameenda sokoni Majengo, simu hapokei, na jioni imeingia. Fundi anaandika barua pepe yake: "nitaitoa baadaye." Mashine inakubali, na mengi yanafanyika kimyakimya.

Akaunti ya kwanza ndiyo inayokuwa admini, yaani yenye mamlaka juu ya mashine nzima. Folda ya mtumiaji ndani ya C:\Users inachukua herufi 5 za mwanzo za barua pepe yako, na ukibadilisha jina la akaunti baadaye, folda haibadiliki. OneDrive ikiwa imewashwa, nyaraka za mteja zinapanda kwenye hifadhi yako ya bure ya GB 5 mpaka inajaa. Hayo yanatibika. Baya ni hili: kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, ukipiga Windows 11 upya kwenye mashine yenye TPM (chipu ya usalama inayotunza funguo) na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida diski inasimbwa, yaani haisomeki bila ufunguo, bila wewe kuulizwa. Ufunguo wa dharura wa kuifungua, wenye tarakimu 48, unatunzwa kwenye akaunti hiyo. Yaani kwako, si kwa mwenye mali.

Miezi inapita bila dalili yoyote. Mchukulieni mwalimu aliyeko Kondoa, kompyuta yake ina matokeo ya darasa zima. Siku moja BIOS (programu ya kuwashia mashine) inasasishwa, au fundi wa kule anazima Secure Boot (kinga inayozuia mfumo usioaminika kuwaka) ili aingize flashi yake, au mazabodi inabadilishwa. TPM inaona mazingira siyo yale iliyoyazoea, inakataa kuachia ufunguo, na skrini ya bluu inadai zile tarakimu 48. Mwalimu anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe ya Microsoft, hamna kitu. Nywila ya kuingilia haisaidii hapo, na kuhamishia diski kwenye mashine nyingine hakusaidii. Amebaki kukutafuta wewe, na wewe ulishabadilisha laini. Ile barua pepe uliifungua kwa ajili ya kupigia Windows tu na nywila yake umeisahau. Basi diski inafutwa. Matokeo, picha za wazazi, vyote vimekwenda.

Wengi wetu tuliotangulia tumewahi kuacha barua pepe zetu kwenye mashine za watu. Zamani, diski nyingi zilipokuwa hazisimbwi, ulikuwa uzembe tu. Sasa ni kumpotezea mtu kazi yake, ndiyo maana tunawakemea kwa sauti.

Kwa hiyo mteja akija, aje na simu yenye barua pepe yake, asubiri msimbo wa uthibitisho. Kama toleo ni Pro, chagua kwamba mashine ni ya kazi au shule, kisha Sign-in options, kisha Domain join instead, utengeneze akaunti ya ndani, isiyohitaji barua pepe. Kama kosa limeshafanyika, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya admini uandike manage-bde -status. Ikisema Protection On, andika manage-bde -protectors -get C: , nakili tarakimu 48 kwenye karatasi, zilinganishe mara 2, mkabidhi mwenyewe mkononi.

2. Akaunti ziwe 2: ya admini kwa matengenezo, na ya kawaida kwa kazi za kila siku. Ya pili inatengenezwa hivi: net user asha * /add. Kinyota kinafanya nywila iulizwe pembeni. Herufi hazionekani ukiandika, usidhani kibodi imekufa. Usimshushe mtumiaji kuwa wa kawaida kabla hujaingia mwenyewe kwenye ile ya admini ukaona nywila inakubali. Akaunti ya Administrator inayokuja na Windows imezimwa, haitakuokoa.

3. Mashine za mtumba kutoka Uingereza zina kibodi ya Kiingereza cha huko, ambako @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi na zile za Marekani. Ukiweka nywila yenye @ kwa mpangilio mmoja, kesho ukibadilishwa, mtu anafungiwa nje huku anaapa hajakosea, na kweli hajakosea. Anza na herufi na namba tu, rekebisha kibodi, ndipo uweke nywila ya kudumu.

4. Kwa wa Ubuntu (mfumo wa Linux): root, akaunti kuu ya mfumo, imefungwa, na mtumiaji wa kwanza yumo kwenye kundi la sudo, linaloruhusiwa kutumia mamlaka ya root. Kijana anataka kutumia Docker (zana ya kuendeshea programu ndani ya makontena), anaandika sudo usermod -G docker juma. Amesahau a. Bila -a, Juma anaondolewa kwenye makundi mengine yote ya ziada, sudo ikiwemo, na akishatoka na kuingia tena hana mamlaka. Msipige upya, jamani! Washa mashine, shikilia Shift, au bonyeza Esc kama ni UEFI (mrithi wa BIOS ya zamani), ingia Advanced options, recovery mode, kisha root. Andika mount -o remount,rw / halafu usermod -aG sudo juma. Ni dakika 5.

Kabla ya kukabidhi, ingia kwenye akaunti ya mtumiaji ujaribu kusimika programu ya mashine nzima. Lazima idai nywila ya admini. Isipodai, rudi namba 2.