Ndege wa mlimani ana mabawa, lakini hawezi kuhama kirahisi

Mkuu, umeuliza kati ya ndege wa msitu wa mlimani na chura wa mitini nani ataumia zaidi msitu ukikatwa. Wengi wamejibu chura, eti ndege ataruka aende kwingine. Sikubaliani nao.

Kabla ya kurudi nyumbani Mwanza nilifanya kazi Lushoto miaka minne. Huko, kwenye milima ya Usambara Magharibi, kuna ndege mdogo wa jamii ya kurumbiza, Sheppardia montana, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Asubuhi moja nilimkuta pale msitu unapokomea na shamba la kabeji linapoanza. Alikuwa akirukaruka chini chini, akidonoa wadudu kwenye majani makavu. Akafika kivuli cha mwisho, akasita, akageuka. Ng'ambo ya shamba, kama hatua mia hivi, msitu ulikuwa unaendelea. Hakuvuka. Ndege wengi wa kivulini ndivyo walivyo: penye jua kali na uwazi hawakatizi.

Chura naye ana shida zake, sibishi. Ngozi yake hupitisha maji, hivyo akikosa unyevu hamalizi muda. Mchana utamkuta juu ya jani amekunja miguu chini ya tumbo asikauke, vitufe vya vidoleni vimeng'ang'ania. Hata wale vyura wa maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, ingawa si wa mitini, waliponzwa na maji: waligunduliwa 1996, mto ukaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, mnyunyizo wa maporomoko ukapungua, na 2009 wakatangazwa kutoweka porini.

Lakini linganisha na hapa Luchelele, Mwanza, ninakoishi kando ya Ziwa Victoria. Vyura wadogo wa kwenye matete wanalia usiku kucha, na matete yakifyekwa huku, mwambao wa ziwa bado unaendelea, kuna pengine pa kujishikiza. Mlimani hakuna mwambao. Joto likipanda, ndege na chura wote wanasogea juu, na kilele kina mwisho.

Usambara Mashariki, pale Derema, mashamba ya iliki yalitwaliwa na wakulima wakalipwa fidia, ili misitu iliyotenganishwa iungane tena. Natamani sana kuona ukanda wa miti kama huo ukikatiza lile shamba la kabeji, hata wa upana mdogo, alimradi kivuli kisikatike.