Kabla ya Kukata Mstari kwa Rejeksi, Kichunguze Kitenganishi

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha data zilizochapwa kwa mkono, na mara nyingi orodha ya majina hunifikia namna hii: `Asha, Juma;Neema , Salim`. Vitenganishi ni viwili na nafasi zimetapakaa ovyo, kwa hiyo rejeksi (regex, yaani ruwaza ya kutafuta maandishi) inastahili. Katika Python huandika `re.split(r'\s*[,;]\s*', mstari.strip())`, yaani kata penye koma au nukta mkato pamoja na nafasi zote zinazoizunguka, na majina manne hutoka yakiwa safi.

Kitenganishi kikiwa herufi moja isiyobadilika, nakushauri uachane na rejeksi, kwani `mstari.split(',')` inatosha na atakayeusoma msimbo wako hatahangaika. Wanaotumia Java ndio wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu `split` ya huko huchukulia kigezo chake kuwa rejeksi hata kama hukukusudia. Nukta katika rejeksi huwakilisha herufi yoyote, hivyo `"192.168.1.1".split(".")` hugeuza kila herufi kuwa kitenganishi, na kwa kuwa Java huvitupa vipande vitupu vilivyo mwishoni, unaachiwa safu isiyo na chochote. Andika `split("\\.")`, au utumie `Pattern.quote(".")` ambayo mimi naiona inasomeka vizuri zaidi. Utupaji huo huleta madhara hata pale ruwaza yako ilipo sahihi: mstari `Asha;Tanga;;` hurudi na vipande viwili badala ya vinne, bila onyo lolote, mpaka uongeze `-1` kama kigezo cha pili.

Mabano nayo yana tabia yake. Katika Python na JavaScript, ukiandika `([,;])`, vitenganishi vyenyewe hurudishwa ndani ya matokeo. Hilo linafaa unapochambua hesabu kama `3+4-2`, ambako alama zinahitajika, kwingineko tumia `(?:...)`, mabano yanayokusanya bila kurudisha vitenganishi.

Faili za CSV, yaani majedwali yaliyoandikwa kama maandishi yenye thamani zilizotenganishwa kwa koma, ni jambo jingine kabisa. Mwongozo wa RFC 4180 wa mwaka 2005 unaruhusu koma, na hata mstari mpya, ndani ya alama za nukuu, kama katika `"Mwanza, Tanzania",250`. Nimewahi kuona rejeksi ndefu za kukwepa koma hizo, na sijaona sababu ya kuzitunza ilhali moduli ya `csv` huja pamoja na Python yenyewe; ifungue faili kwa `newline=''`, kisha uiachie moduli kazi ya kukata.