Aliyerudi toka ughaibuni, ataiweza Ikulu?

SWALI: Mhariri, kijiweni tunabishana: Mtanzania aliyeishi Marekani miaka 20 akigombea urais, ataweza kuinyoosha nchi? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Kwanza atazame pasi yake. Mtu mzima akichukua uraia wa Marekani, wa Tanzania unakoma. Ibara ya 39 ya Katiba inataka mgombea awe raia wa kuzaliwa, miaka 40, aliyependekezwa na chama. Kisha wadhamini 200 kila mkoa, mikoa 10, miwili iwe Zanzibar. Bila watu kwenye matawi ya chama, fomu hazijai.

Kuinyoosha? Mtazameni Ellen Johnson Sirleaf, rais wa zamani wa Liberia, aliyepitia Benki ya Dunia. Lugha ya wakopeshaji aliijua, na mwaka 2010 zaidi ya dola bilioni 4 za deni zikafutwa. Rushwa ikabaki. Deni hujadiliwa Washington. Karani wa bandarini, na droo yake ya rushwa, yuko palepale.